Vikombe vya kupangana, boksi la maumbo, toi linaloongea: kipi kinamsaidia mtoto kusikia anachoambiwa?

Kiswahili kina neno moja, kusikia, kwa kazi mbili: ya sikio na ya utiifu. Ndiyo maana "mtoto huyu hasikii" husemwa kirahisi sana juu ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye wala si kiziwi wala si mkaidi. Hajaelewa tu alichoambiwa. Mzazi anaingia madukani, Mtwara mjini au Lindi, akitafuta kitu cha kumfundishia awe msikivu, na anatoka na kile chenye rangi nyingi na kelele nyingi kuliko vyote.

Hapa tumevipima vitu vinne vinavyopatikana bila tabu huku kusini mwa Tanzania, kwa swali moja. Ukikaa na kitu hiki na mtoto wa kati ya miezi 12 na 36, je, kinakupa nafasi ya kutoa agizo fupi, kumsubiri alitekeleze, na kujua kama ameelewa maneno au amekisia? Uzuri wa kitu, uimara wake na sifa zilizoandikwa kwenye boksi vimekuja baadaye.

Vikombe vya kupangana ndivyo vilivyoshinda, na kwa mbali. Ni seti ya vikombe vinane hadi kumi vya plastiki, kila kimoja kidogo kuliko mwenzake. Vinaingiana vikawa kimoja, au unavigeuza ukajenga mnara. Huuzwa kwenye neti katika maduka ya vyombo vya plastiki na kwa machinga wanaotandaza toi chini. Havina betri, haviimbi, haviwaki taa. Vinakaa kimya mpaka mtu mzima aseme, na hapo ndipo ubora wake wote ulipo: sauti pekee ambayo mtoto anaifuata ni yako.

Kabla ya kulipa, fungua neti. Pitisha kidole kwenye kingo zote, maana plastiki ya bei ndogo huacha ncha kali pale ilipotolewa kwenye kalibu. Nusa; harufu kali ya mafuta isiyopungua ukikiacha kikombe kwenye upepo ni sababu ya kukirudisha. Kisha tazama kile kidogo kuliko vyote. Kikipita ndani ya kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha (upana wake ni kama sentimita 4), kiweke kando mpaka mtoto afikishe miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kumkaba.

La mwisho ni matundu kwenye kitako, na hili wengi hawalijui. Kikombe kisicho na tundu, hasa chenye umbo la nusu tufe, kinaweza kumganda mtoto puani na mdomoni akivuta pumzi. Mwaka 1999 huko Marekani, mgahawa wa Burger King uliyaita yarudishwe mamilioni ya matufe ya toi ya Pokémon kwa sababu hiyo hiyo, baada ya mtoto wa miezi 13 kupoteza maisha na nusu ya tufe ikiwa usoni. Seti nzuri ina matundu. Isiyo nayo itoboe kwa msumari uliopashwa moto, matundu mawili yaliyoachana kwa kila kikombe, halafu ulainishe kingo zake.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo pesa ya watu inapopotea. Vikombe humwagwa mkekani, mtoto akaachwa avirushe, na baada ya wiki seti iko uvunguni. Kipindi cha kufundisha kiwe dakika tano, mara mbili kwa siku, mtoto akiwa ameshakula na kulala. Redio izimwe. Kaa chini mkekani, uso wako ulingane na wake, muite jina, subiri akutazame. Agizo linalotolewa kutoka jikoni kwa mtoto aliyeko uani ni kelele tu kwake.

Anza na kikombe kimoja kikubwa. Mpe akishike, kisha nyoosha kiganja wazi mbele yake useme, "Nipe." Halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda watu wazima: kabla hata ya sekunde tatu wamekwisha kusema "nipe, nipe basi, haya mwanangu nipe kikombe, hutaki?" na kila neno jipya linafuta lililotangulia. Mtoto wa umri huu anahitaji muda wa kulipokea neno, kulifungua na kuutuma mkono. Asipotoa, rudia mara moja tu, kwa maneno yale yale. Bado asipotoa, shika mkono wake taratibu, ulete mpaka kiganjani mwako, umwambie ulichokiona: "Umenipa kikombe." Mrudishie hapo hapo. Mtoto asiyerudishiwa hujifunza upesi kwamba "nipe" maana yake ni kunyang'anywa, na kuanzia hapo atakimbia nacho.

Akishazoea, ondoa ishara. Mikono magotini, macho usoni mwake. Hapa pana mtego: ukikitazama kikombe wakati unasema, mtoto anafuata macho yako, wala si neno lako, na wewe utajisifu bure. Vigezo vya makuzi vya CDC, taasisi ya afya ya jamii ya Marekani, vilivyorekebishwa mwaka 2022, vinaweka agizo lenye ishara na maneno kwenye miezi 15, agizo moja bila ishara yoyote kwenye miezi 18, na agizo la hatua mbili kwenye miezi 30. Umri huo ni ule ambao watoto 75 kati ya 100 au zaidi wanatarajiwa kuwa wameshaweza. Kwa hiyo anayemgombeza mtoto wa miezi 14 kwa kutofuata neno tupu anamdai deni ambalo halijafika siku yake.

Hatua inayofuata ni kuchagua. Weka kikombe na kijiko, useme, "Nipe kijiko." Vitu vikiwa viwili, hata anayebahatisha tu atapatia karibu nusu, kwa hiyo fanya mara tano, ukibadilisha upande kila mara na kuchanganya unachokiomba. Akipata nne au tano, ni dalili nzuri kwamba ameelewa. Akiwa anachukua cha mkono wa kulia kila mara, bado. Taja kitu kwa jina lake, usikimbilie viambishi. "Kichukue", "kiweke", "vilete" ni Kiswahili safi, ila kitu chenyewe kimejificha ndani ya silabi moja, na mtoto anayejifunza hana pa kuishika. "Chukua kikombe" ina kamba mbili za kushika.

Kukataza nako kuna shida ya aina hiyo. Katika "usimwage", katazo zima limebebwa na silabi moja mwanzoni, na kinachobaki masikioni ni "mwage". Mtoto anamwaga, anachapwa, naye hajui kosa lake. Sema unachotaka kifanyike: "Shika kwa mikono miwili." Adabu zetu za pwani nazo, ambazo ni nzuri kwa watu wazima, humchanganya mtoto wa umri huu. "Hebu naomba basi mwanangu uniletee kile kikombe kilichoko pale chini" ina maneno kumi na kitenzi kilichobadilika sura kabisa. "Leta kikombe" ina mawili. Heshima ya "naomba" na "shikamoo" afundishwe pia, lakini kwa wakati wake.

Baada ya hapo, mahali. Ongeza ndoo ndogo. Anza na "ndani", kisha "juu", umalizie na "chini ya" na "kando". Kuna jambo linalowakasirisha wazazi hapa bila sababu: mtoto mdogo akiona chombo kimekaa mdomo juu, atatia kitu ndani yake hata kama umemwambia aweke chini yake. Mdomo wazi wa ndoo unamwamuru kuliko neno lako. Huo si ubishi. Ndoo hiyo hiyo ukiifudikiza, "juu ya ndoo" inakuwa rahisi ghafla. Kwa hiyo fundisha "ndani" ndoo ikiwa wima, "juu" ikiwa imefudikizwa, na ukitaka kujua kama kweli ameelewa, geuza: ndoo wima, agizo "weka kikombe kando". Akiweka kando bila kutia ndani, neno limemwingia. Umbo la "ndooni" na "mezani" nalo litumike, maana ndilo atakalolisikia maisha yake yote, ila mwanzoni "ndani ya ndoo" humpa sehemu nzima ya kusikiliza.

Karibu na miezi 30, unganisha mawili: "Chukua kikombe, weka ndani ya ndoo." Yanafuatana yenyewe. Akiyaweza siku kadhaa, leta yasiyohusiana: "Weka kikombe ndani ya ndoo, kisha leta kanga." Kosa la kawaida ni mtoto kufanya la mwisho na kusahau la kwanza. Usimwambie amekosea, mrudishe kwenye la kwanza, kisha la pili, bila kuongeza la tatu.

Rangi tunashauri ziachwe mpaka miaka mitatu, ingawa muuzaji atakwambia vikombe ni vya kufundishia rangi. Fikiria mtoto anachokisikia: kikombe chekundu, mpira mwekundu, ndoo nyekundu, maua mekundu. Rangi moja imekuja na sauti nne. Kikombe "kikubwa" na "kidogo" ni njia nyepesi zaidi, na seti hii imetengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Chukua kikubwa kabisa na kidogo kabisa kwanza, vile vya katikati baadaye.

Boksi la maumbo la seremala ni kitu kizuri ambacho watu hukinunua kwa sababu isiyo yake. Mafundi wa Mtwara wanaweza kukutengenezea vizuri ukienda na vipimo: boksi la sentimita 20 kila upande, plaiwudi ya milimita 9, matundu matatu tu (duara, mraba, pembetatu), na vipande visivyopungua sentimita 4.5 kwa upana. Tundu lizidi kipande kwa milimita 3 pande zote. Usikubali "inaingia freshi" ya fundi aliyejaribu mwezi wa Septemba. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua na unyevu wa pwani huuvimbisha mti, na kipande kilichokuwa kinateleza kinakwama. Msasa upite namba 80, kisha 120, umalizie na 220. Mti laini kama msonobari unatosha. Mninga ni mzuri ila mzito kwa kidole cha mguu, na mpingo tusiuzungumze, ni mti unaozama majini. Rangi ya mafuta ya makopo ya zamani iepukwe kwa sababu ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mbao tupu ni salama zaidi, maana kila kipande kitapita mdomoni.

Udhaifu wa boksi ni kwamba tundu lenyewe ndilo mwalimu. Kipande hakiingii, mtoto anakigeuza, kinaingia, anafurahi, na mtu mzima hakuhitajika kusema neno. Inafundisha mkono na jicho vizuri sana. Kwa kufuata maelekezo, tunaipa nafasi ya pili, kwa masharti kwamba vipande vikae kwako na mtoto avipate kimoja kimoja kwa agizo: "Chukua duara. Tia ndani."

Wapo wanaonunua wanyama wadogo wa kuchonga kwa Wamakonde badala ya boksi. Kwa "nipe tembo", "nipe kiboko" ni vizuri mno, na ni kazi ya kwetu. Angalia mambo mawili: masikio na pembe nyembamba hukatika, na baadhi ya vinyago vya mti wa kawaida hupakwa rangi ya viatu ili vionekane mpingo. Sugua kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikichafuka, kinyago hicho hakifai kinywani mwa mtoto.

Toi linaloongea, iwe simu, kompyuta ndogo au usukani wenye vitufe, hatulipendekezi. Linatoa agizo kwa Kiingereza chenye sauti ya puani, halingoji, na halioni mtoto amefanya nini. Mtoto akibonyeza kitufe chochote, linapiga makofi. Baada ya siku tatu amejifunza jambo moja kwa uhakika: sauti inayoamuru haina haja ya kusikilizwa, bonyeza tu. Hilo ni kinyume kabisa cha tulichokuja dukani kukitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliofuatilia watoto 26 wa miezi 10 hadi 16 wakicheza na wazazi wao, ulikuta toi za umeme zikiwafanya wazazi waseme maneno machache kuliko vitabu au toi za kawaida, na wamjibu mtoto mara chache zaidi. Toi likisema, mama hunyamaza.

Na betri. Nyingi ya toi hizi ndogo hutumia betri za kifungo, zile bapa kama sarafu. Mtoto akimeza na ikakwama kooni, inaunguza nyama ndani ya saa mbili, hata kama imeisha nguvu ya kuwasha toi. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu kisiingie nyumbani. Ukishuku amemeza, usimtapishe na usingoje aipitishe chooni: mkimbize hospitali yenye eksirei, Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi mjini, na useme mlangoni kabisa kwamba ni betri.

Mabango ya picha ya ukutani hayahitaji maneno mengi. Yanafaa kwa "nionyeshe" kuanzia kama miaka miwili, yakibandikwa chini, urefu wa macho ya mtoto, kama sentimita 75 toka sakafuni, badala ya juu ya kabati ambako hupendeza wageni. Tatizo ni matunda ya ugenini. Mtoto wa Newala au Tandahimba analijua bibo kabla ya kujua tufaha, na bango lenye bibo, dafu na fenesi ni nadra kuliona. Chagua la wanyama.

Asiyetaka kununua chochote ana vifuu. Nazi tatu au nne za ukubwa tofauti, zilizopasuliwa sawasawa, zikakwanguliwa nyuzi na kulainishwa kwa msasa ndani na nje, ni vikombe vya kupangana kamili. Onyo la nusu tufe ni lile lile, tena kali zaidi kwa sababu kifuu ni nusu tufe halisi: tundu mbili kwa kila kimoja. Nusu yenye macho ina jicho moja laini linalotoboka kirahisi. Nusu ya pili inataka drili au msumari wa moto. Ongeza kanga, mwiko, kikapu na kata, umepata darasa. Kitu kimoja tu cha nyumbani kisitumike, nacho ndicho kimejaa kila kona wakati wa msimu: korosho ghafi. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto hutia kila kitu mdomoni. Iliyobanguliwa nayo, nzima nzima, inakaba.

Chochote utakachochagua, wakubwa wote wa nyumba wakubaliane maneno. Mama akisema "nipe", dada wa kazi "lete hapa", babu "hebu nipatie", mtoto anajifunza maagizo matatu kwa tendo moja. Maneno matano yanatosha kuanzia: njoo, kaa, nipe, chukua, weka. Bibi anayeongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao asikatazwe. Aendelee na lugha yake, ila kwa maneno yale yale kila siku, na aanze na ishara kama wengine. Biskuti za zawadi hazihitajiki. Fimbo ndiyo kabisa isiwepo, kwa sababu mkono unaonyooshwa kusema "nipe" ndio huo huo, na mtoto aliyechapwa huruka nyuma akiuona.

Ikiwa miezi 18 imepita na hafuati neno lolote bila ishara, au kuna sikio linalotoa usaha, au hageuki ukimwita kwa sauti ndogo kutoka nyuma, mpeleke kliniki na kadi yake, umweleze muuguzi hayo kwa mpangilio huo. Maji yaliyojaa nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu bila homa wala kilio, na hakuna seti ya vikombe itakayotibu hilo.

Kuhusu utunzaji: vikombe vioshwe kwa sabuni ya kawaida na vikaushwe kivulini. Jua la uani huifanya plastiki nyembamba iwe kama ganda la yai baada ya miezi michache, na ukingo uliopasuka unakata mdomo. Kikipasuka kimoja, kitupe. Vilivyobaki bado vinaingiana, ila kutakuwa na pengo moja la ukubwa, na mtoto aliyezoea ataligundua kabla yako.